Nani Kasema Buibui ni Buibui Tu?

Kauli yenyewe ni fupi, na labda ndiyo sababu imeenea: buibui ni buibui tu. Utaisikia kwa mama anayeangusha tandabui darini wiki ya kuelekea Idi au Krismasi. Utaisikia kwa mwalimu wa biolojia aliyebakiwa na dakika kumi za kumaliza mada. Utaisikia pia, ikiwa imevishwa suti, kwenye filamu za wanyama, ambako buibui mmoja aliyetulia katikati ya utando wa duara husimamishwa awe mwakilishi wa jamii nzima. Miguu minane, utando wa mviringo, nzi ananaswa, nzi analiwa, basi. Mwambie mchuuzi wa Feri, Dar es Salaam, kwamba changu, papa na pweza wote ni samaki tu, uone atakavyokutazama. Kwa buibui, hata hivyo, uvivu huo tunajiruhusu, tena tunaufundisha.

Mimi naipinga kauli hiyo, na sitaki kuipinga kwa njia rahisi. Ningeweza kuleta buibui mrukaji, buibui wa shimoni na buibui wa majini, kisha nikauliza: haya, hawa wanafanana? Mpinzani wangu angekubali haraka na kurudi kwenye ngome yake: basi angalau hawa wanaotanda duara ni wale wale. Kwa hiyo nitaanzia ngomeni kwake. Watandaji wa duara ndio wanaoonekana kufanana kuliko buibui wengine wote, na hoja ya kufanana ikianguka kwao haina pa kusimama tena.

Wapo wengi kiasi gani? Katalogi ya Dunia ya Buibui, inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asilia mjini Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000 mwezi Aprili 2022. Familia ya Araneidae, ambayo ndiyo kitovu cha watandaji wa duara, ina zaidi ya spishi 3,000. Nje ya familia hiyo kuna Tetragnathidae wenye taya ndefu, wapenzi wa kutanda juu ya vijito. Kuna Uloboridae, ambao nitawarudia. Na kuna familia kadhaa za buibui wadogo kupindukia, kama ile ya Patu, ambaye dume wa spishi yake ya Kolombia hafiki nusu milimita. Lakini najua idadi peke yake haimshawishi mtu. Elfu tatu za kitu kile kile bado ni kitu kile kile. Tuache kuhesabu, tutazame kazi.

Mchukue buibui wa bustanini anayetanda jioni. Kwanza anaachia uzi mmoja upeperuke na upepo mpaka unase tawi la upande wa pili. Hilo ndilo daraja. Anakwenda katikati ya daraja, anashuka na uzi mwingine, na sasa ana umbo la Y. Kutoka hapo anaweka fremu, kisha mihimili inayotoka kitovuni kwenda pembeni, mmoja baada ya mwingine, akipima nafasi kwa miguu, kwa sababu macho hayamsaidii kitu katika kazi hiyo. Halafu anazungusha mzingo wa muda kutoka katikati kwenda nje: uzi mkavu, wa kukanyagia tu. Akifika ukingoni anageuka na kuanza kurudi ndani, safari hii akiweka mzingo wenyewe, ulio na matone ya gundi, na kila anapoufikia ule wa muda anaukata na kuuondoa. Kwa spishi nyingi kazi yote huisha ndani ya saa moja hivi. Mwili mdogo huo una aina za tezi za hariri zinazoweza kufika saba: ya fremu, ya mzingo, ya gundi, ya kufungia windo, ya kifuko cha mayai, ya kugandisha ncha za nyuzi mahali pake. Kwa hiyo hata utando mmoja si kitu kimoja.

Hapa mpinzani anatabasamu, maana nimemwelezea duara lake vizuri. Asiwe na haraka.

Uloboridae nao hutanda duara, na ukilipiga picha kwa mbali hutalitofautisha na la Araneidae. Liguse sasa. Hakuna gundi hata tone. Buibui huyu ana bamba lenye vitundu vingi mno karibu na viungo vya kutolea hariri, na nyuzi zinazotoka humo ni nyembamba ajabu. Huzichana kwa safu ya vinyweleo iliyo kwenye mguu wa nyuma mpaka zinafumuka na kuwa sufi kavu inayong'ang'ania miguu ya mdudu. Tena, huyu hana sumu. Tezi za sumu, ambazo karibu buibui wote wanazo, hana kabisa. Anaua kwa kufunga. Spishi moja ya Amerika ya Kati, Philoponella vicina, huweza kumzungushia windo mmoja nyuzi za zaidi ya mita mia moja, akikaza na kukaza mpaka miguu ya windo inavunjika ndani ya mfungo. Maduara mawili yanayofanana kwa macho, basi, yametengenezwa kwa vifaa tofauti, yanashika kwa njia tofauti, na wenye nayo wanaua kwa njia tofauti. Huo ndio ufanano unaosifiwa.

Wala hatuhitaji kwenda Amerika. Pita kwenye ua wa minyaa, kwenye mipungate au pembeni ya shamba la katani, na huenda ukamkuta Cyrtophora citricola. Huyu ni Araneidae halali, nasaba yake haina shaka, lakini utando wake umelala badala ya kusimama. Umefumwa kwa macho madogo madogo, umeinuliwa katikati ukawa hema, na juu yake kuna kichaka cha nyuzi zinazokwenda kila upande. Gundi hamna. Mdudu anayeruka anagonga nyuzi za juu, anapoteza mwelekeo, anaangukia hema, na buibui aliye chini anamdaka kupitia matundu. Kwa kuwa hakuna gundi ya kuharibika, utando haubomolewi kila siku, unatiwa viraka. Majirani nao huunganisha zao, na baada ya muda kichaka kizima kinafunikwa. Ukitazama juu ya kitovu utaona vifuko vya mayai vimepangwa kwenye uzi mmoja, kimoja juu ya kingine, rangi yake kijani kilichofifia. Buibui huyu wa uani kwetu alijitokeza Jamhuri ya Dominika mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2000 akaonekana Florida. Aliyemwona kila siku uani akasema "buibui tu" hakuwa na njia ya kujua kwamba anatazama mvamizi wa kimataifa.

Sasa nije kwa nondo, kwa sababu nondo ndiye aliyevuruga hesabu za wengi. Mabawa yake yamefunikwa na magamba yanayobanduka kirahisi. Akigonga utando wa kawaida, gundi inashika magamba, nondo anajiondokea zake. Kama watandaji wa duara wangekuwa kitu kimoja, jibu la tatizo hili lingekuwa moja. Yapo kadhaa. Scoloderus wa Amerika amelivuta duara lake juu mpaka likawa ngazi ndefu nyembamba. Nondo akiigonga anateleza, anagonga tena chini kidogo, anateleza tena, akiacha magamba kila hatua, mpaka anapofika chini hana magamba ya kumwokoa. Huko New Guinea kuna buibui mwingine aliyefika kwenye ngazi hiyo hiyo kwa njia yake, ila yeye ameipindua: kitovu kiko juu na ngazi inaning'inia chini. Hawakuigana.

Jibu la Mastophora ndilo linalonifanya nishindwe kumvumilia mtu wa "ni wale wale". Huyu pia ni Araneidae. Mababu zake walitanda duara. Yeye amelitupa lote, kasoro uzi mmoja na tone moja la gundi. Usiku jike huning'inia kwenye uzi wa mlalo, akashika kwa mguu mmoja uzi mfupi wenye tone kubwa linalonata nchani, na kusubiri. Hasubiri bahati. Anatoa hewani kemikali zinazonukia kama nondo jike anayetafuta mume. Nondo dume anakuja akifuata harusi, buibui anamrushia tone, amekwisha. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kentucky, akiwamo Kenneth Haynes na Kenneth Yeargan, walionyesha jambo la ajabu zaidi kwa spishi ya Mastophora hutchinsoni. Mawindo yake makuu ni nondo wa spishi mbili: mmoja huruka mapema usiku, mwingine usiku wa manane, na harufu za majike wao ni tofauti. Buibui hubadili mchanganyiko wake kadiri usiku unavyosonga, akipunguza harufu ya yule wa mapema ili isimfukuze yule wa baadaye. Kusini mwa Afrika kuna ndugu zao wa jenasi Cladomelea, ambao badala ya kungoja huuzungusha uzi wenye tone hewani. Australia kuna wengine. Niambieni, huyu naye ni yule yule wa bustanini?

Wengine niwapitie kwa haraka, si kwa kuwa hawana uzito bali kwa kuwa ni wengi. Hyptiotes amebakisha kipande cha pembetatu tu cha duara; anakivuta kwa nguvu zake mwenyewe, anakishikilia kikiwa kimekazika, na mdudu akigusa anakiachia kifyatuke. Deinopis ametengeneza wavu mdogo wa mstatili anaoushika kwa miguu ya mbele, na usiku humvalisha nao mdudu anayepita chini. Macho yake mawili makubwa huona gizani kuliko unavyoweza kudhani kwa mnyama wa ukubwa huo. Wendilgarda wa Amerika ya Kati hushusha nyuzi zake zikanasa juu ya maji ya kijito yanayotiririka na kuwavua wadudu wa usoni mwa maji. Cyclosa hupanga mabaki ya vyakula vyake katika mstari mmoja katikati ya utando, naye hukaa humo humo asionekane. Argiope, yule mwenye mistari ya njano, hushona zigizaga nyeupe kwenye utando wake, na wataalamu mpaka leo wanagombana kama zigizaga hiyo inavuta wadudu, inaonya ndege au inafanya kazi nyingine.

Kisha kuna visiwa vya Hawaii, ambako hoja ya kufanana inazikwa rasmi. Tetragnatha duniani kote ni mtandaji wa duara. Waliofika Hawaii waligawanyika humo visiwani wakazaa spishi nyingi, na tawi moja likaacha kutanda kabisa. Wanawinda kwa miguu, usiku, juu ya majani, na miguu yao imeota miiba mirefu ya kushikia. Rosemary Gillespie wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha mwaka 2004 utafiti unaoonyesha kwamba ndani ya tawi hilo kuna maumbo manne: wa kijani, wa rangi ya damu ya mzee, wa kahawia mkubwa na wa kahawia mdogo, kila mmoja na mahali pake pa kukaa. Kisiwa baada ya kisiwa maumbo hayo yanajirudia, lakini mara nyingine wa kijani wa kisiwa hiki ni ndugu wa karibu zaidi wa yule wa kahawia wa kisiwa hicho hicho kuliko wa yule wa kijani wa kisiwa jirani. Maana yake rangi na maisha yale yale yamebuniwa upya zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hata pale wanapofanana kweli, mara nyingi kufanana kwenyewe hakutokani na udugu. Mpinzani anayetegemea macho matupu atakosea huku na atakosea kule.

Yupo mpinzani msomi zaidi, naye hoja yake ni tofauti kidogo. Anasema: sawa, wapo walioacha duara, lakini hao ni wakosaji wachache; duara lenyewe ni kilele cha ufundi, eneo kubwa kwa hariri kidogo, na kitu kikishafika kileleni hakibadiliki tena. Hoja hii inapendeza, na nimeiona katika vitabu vinavyoheshimika. Inaanguka kwa hesabu. Kati ya wazao wa watandaji wa gundi kuna Linyphiidae, ambao hutanda shuka za mlalo na wana zaidi ya spishi 4,000, na kuna Theridiidae, watandaji wa tando zilizovurugika, ukoo wa mjane mweusi, wenye zaidi ya 2,500. Wajukuu walioacha duara ni wengi kuliko waliolishikilia. Kama hicho ni kilele, mbona umati umeshuka na kunawiri bondeni?

Mambo ni magumu zaidi kwake tukiuliza duara lilianzia wapi. Kwa miaka mingi watandaji wote wa duara, wa gundi na wa sufi kavu, waliwekwa kundi moja na kudhaniwa kuwa na babu mmoja wao peke yao. Mwaka 2014 timu mbili za watafiti, zikisoma jeni kwa wingi ambao haukuwezekana awali, zilionyesha kwamba wale wa sufi kavu wako karibu kinasaba na buibui wawindaji, pamoja na yule mrukaji wa ukutani kwako asiyetanda chochote, kuliko walivyo karibu na wa gundi. Hapo kuna njia mbili tu. Ama duara lilibuniwa mara mbili, na watu wawili wasiojuana. Ama lilibuniwa mara moja, zamani sana, kisha likaachwa na koo nyingi, kiasi kwamba mrukaji wa ukutani ni mzao wa watandaji. Mjadala haujaisha, na mimi nauacha kwa wenyewe. Lakini mpinzani wangu achague njia yoyote kati ya hizo mbili: ya kwanza inamnyima ule umoja wa asili, ya pili inamnyima kilele.

Limebaki neno moja analolipenda: mashine. Eti buibui hutanda kwa silika tu, bila kubadilisha, kila mmoja nakala ya mwenzake. Mwaka 1948, huko Tübingen, Ujerumani, mwanazuoni wa wanyama Hans Peters alichoka kuamka alfajiri kupiga picha buibui wake wakitanda. Akamwomba mwanafamakolojia Peter Witt ampatie dawa ya kuwafanya watande saa za kibinadamu. Witt akawanywesha vitu mbalimbali ndani ya maji ya sukari. Buibui waliendelea kutanda saa zile zile za alfajiri, lakini tando zao zilibadilika, na kila dawa ilizibadilisha kwa namna yake. Peters hakupata usingizi wake, ila Witt alipata kazi ya miaka mingi.

Mwenye kushikilia silika atasema dawa ni uharibifu tu, hauthibitishi kitu. Basi tumpe nafasi isiyo na dawa. Mwaka 2011 buibui wa dhahabu wa Amerika, Trichonephila clavipes, walipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Duniani kitovu cha utando hukaa juu ya katikati, na buibui hukaa kichwa chini, kwa sababu kukimbilia windo kwenda chini ni haraka kuliko kwenda juu. Kule hakuna chini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba tando zilizotandwa gizani zilikuwa na ulinganifu zaidi, na buibui walikaa kuelekea popote. Taa ilipokuwa inawaka, walitanda karibu kama nyumbani, wakiichukulia taa kuwa ndiyo "juu". Hakuna babu yao aliyewahi kuishi pasipo uzito. Mnyama anayekosa dira moja akatafuta nyingine papo hapo ana haki ya jina bora kuliko mashine.

Na hariri je? Hapo pia watu wamezoea kusema "hariri ya buibui" kana kwamba ni bidhaa moja. Twende Madagaska, jirani yetu wa baharini. Mwaka 2010 Matjaž Kuntner na Ingi Agnarsson waliitambulisha rasmi spishi ya Caerostris darwini kutoka misitu ya Andasibe-Mantadia. Jike hutanda juu ya mito. Nyuzi zake za daraja hufika mita 25 kutoka ukingo hadi ukingo, na duara linaloning'inia katikati ya mto linaweza kuwa na eneo la karibu mita za mraba tatu. Uzi wake ulipopimwa ulionekana kumeza nguvu, kabla ya kukatika, mara kumi zaidi ya Kevlar inayotumika kwenye fulana za kuzuia risasi, na ulizipita nyuzi za buibui wengine zilizokwisha kupimwa. Kisiwa hicho hicho kina buibui mwingine, wa dhahabu, ambaye nguvu za uzi wake si za kiwango hicho ila rangi yake ni ya njano inayong'aa bila kutiwa kitu. Simon Peers na Nicholas Godley waliwaajiri watu wapatao 70 wakawakusanya majike zaidi ya milioni moja, wengi kutoka nguzo za simu, wakawavuta hariri na kuwaachia. Kitambaa chake kilionyeshwa New York mwaka 2009, na joho likafuata London mwaka 2012. Kuwafuga pamoja haiwezekani, wanalana. Ndugu za buibui huyo wapo Tanzania na Kenya, wametanda kwenye nyaya za umeme, na tunapita chini yao kila asubuhi.

Nimalizie mashtaka mawili ya mitaani, uchafu na sumu, maana ndiyo yanayoshika ufagio. Tandabui nyeusi zenye masizi kwenye kona za jikoni si kazi ya watandaji wa duara. Ni za buibui wenye miguu mirefu myembamba na wenzao wa nyumbani. Watandaji wa duara wengi hula utando wao wenyewe kabla ya kupambazuka na kuutumia upya usiku unaofuata. Wao ndio wanaofagia. Na watoto wetu wa madrasa, waliofundishwa kisa cha buibui aliyemsitiri Mtume kwa utando kwenye mlango wa pango la Thaur, wanatumwa na watu wazima hao hao wakaue yeyote aliyetanda mlangoni. Sielewi.

Shtaka la sumu lina lugha yake: mtu akiamka na mchirizi wa malengelenge shingoni, anaambiwa amekojolewa na buibui. Mara nyingi aliyesababisha ni mbawakawa mdogo mwekundu na mweusi wa jenasi Paederus, anayeitwa Nairobi fly, ambaye hujaa nyakati za mvua na kuvutwa na taa. Hang'ati wala hachomi. Akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake yana kemikali inayounguza, na mchirizi unafuata mahali kidole kilipompitisha. Buibui amebebeshwa kesi ya mbawakawa. Watandaji wa duara, kwa binadamu, hawana madhara ya kutisha. Mjane mweusi ni wa familia nyingine kabisa, na anayeshindwa kuwatofautisha ndiye aliye hatarini zaidi. Kutojua tofauti hakujawahi kumkinga mtu.

Ndiyo maana naikataa kauli hii kwa ukali kuliko inavyoonekana kustahili. "Buibui ni buibui tu" inamaanisha kwamba msitu ukifyekwa hakuna kilichopotea, kwa kuwa wengine wapo. Nikolaj Scharff wa Denmark alifanya kazi katika misitu ya Udzungwa na Milima ya Tao la Mashariki, na kutoka humo zilitambuliwa spishi nyingi za Linyphiidae zisizojulikana popote pengine. Baadhi ni za mlima mmoja tu. Mlima huo ukipoteza msitu, hakuna "wengine". Vielelezo vingi vya buibui wa Afrika vimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na Copenhagen. Wenyewe wanaishi kwetu.

Walimu wa biolojia wa Tanzania na Kenya, nawaomba jambo moja lisilo na gharama. Muhula huu wapelekeni wanafunzi kwenye ua wa shule saa moja jioni, wakiwa na tochi na daftari. Wachore kila utando kama ulivyo: umesimama au umelala, una gundi au mkavu, mwenyewe amekaa katikati au amejificha pembeni. Halafu wapeni mtihani wa kuieleza tofauti, na atakayeandika "buibui" bila kusema ni yupi apewe sifuri.